Nyumba ndogo ya mbao ikaguliwe kabla haijafunikwa: niliyoyaona Mafinga mpaka Tukuyu

Watu wengi wakisikia nyumba ndogo ya mbao wanadhani ni kazi ndogo, mita nne kwa sita, bati chache, mafundi wawili na kibarua, baada ya muda mfupi unahamia. Mimi kazi yangu ndo hiyo, nilianzia kwenye kununua na kuuza mbao Mafinga, afu nikaingia kwenye kujenga chini ya fundi mmoja mzee ambaye karibu kila ninachokijua kanifundisha yeye, na siku hizi wateja wananiita hata kukagua nyumba walizojengewa na watu wengine. Na nilichokiona nikizunguka Mufindi, Makambako, Mbeya na Tukuyu, huku nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ni kwamba nyumba ikiwa ndogo ndo inataka ukaguzi mkali zaidi, mana hewa ni kidogo, mlango ni mmoja, moto uko karibu na kila kitu, na nyumba yenyewe ni nyepesi kiasi kwamba upepo unaweza kuiondoa pale ilipo. Afu mambo yote ya hatari yanajificha nyuma ya mbao za ukutani. Ukishapigilia ubao wa mwisho hakuna mtu anayejua ndani kuna nini tena.

Wenzetu Marekani walishaliona hilo. Mwaka 2018 kanuni zao za ujenzi wa nyumba za makazi ziliwekewa kiambatisho maalumu cha nyumba ndogo, yaani yenye futi za mraba 400 kushuka chini, kama mita za mraba 37, ukiacha dari la kulalia, ile sakafu ya juu chini ya paa watu wanapolala. Wakaandika urefu wa dari uwe angalau futi 6 na inchi 8 sehemu ya kuishi, wakaandika habari za ngazi, kizuizi cha kwenye dari, dirisha la kutokea. Zile za kwenye matairi zinaingia kwenye utaratibu mwingine, na wako hata wakaguzi wa kujitegemea wanaokagua kwa video na picha hatua kwa hatua. Huku kwetu kibali unaomba halmashauri kama nyumba nyingine yoyote, kwa hiyo usije ukadanganywa kwamba kwa sababu ni ya mbao na ni ndogo basi haina haja ya kibali. Omba. Lakini afisa hawezi kuwepo kila msumari unapopigwa, hapo ndipo mwenye nyumba anatakiwa awe na macho yake au ya mtu anayemwamini.

Nianze na mbao zenyewe mana hapo ndo ugonjwa mwingi unapoanzia. Sisi huku tuna bahati, shamba la Sao Hill ni letu, paina imejaa, mashine za dingdong zinapasua kila kona. Shida ni kwamba mbao inapasuliwa leo, kesho iko kwenye lori, keshokutwa iko kwenye ukuta wa mtu. Ile mbao bado imejaa maji. Ikianza kukauka ikiwa imeshapigiliwa inasinyaa, inajikunja, msumari uliokuwa umekaza unabaki unacheza, mlango unakataa kufunga, ukutani panafunguka nyufa, na kwa baridi ya Mufindi huo upenyo utaujua usiku wa kwanza tu. Kwenye fremu Marekani wanataka maji ndani ya mbao yasizidi asilimia 19. Kama huna kile kipimo cha kuchoma kwenye mbao, iko njia ya zamani ambayo haidanganyi: kata kipande, pima kwenye mizani, weka kwenye oveni ya joto la kama digrii 103, kitoe upime, kirudishe, mpaka uzito ugome kushuka. Kikianza gramu 620 kikaishia 500 basi maji yalikuwa 120, gawa kwa 500, asilimia 24. Bado hiyo, irudishe kwenye kivuli. Mbao zipangwe juu ya vijiti ili hewa ipite kati, juu ziwe na bati, zisiguse ardhi, na mtu awe na subira.

Kitu kingine angalia mwisho wa ubao. Ukiona kile kiini cha katikati ya mti kimo ndani ya ubao, hasa mti uliovunwa mchanga, huo ubao utajipinda tu hata ukaukaje. Mimi nauweka pembeni ukawe fomu ya zege. Fundi mzee alikuwa anasema "chagua ukiwa mafinga, usije kuchagua ukiwa juu ya kenchi", yaani zile mbao zinazobeba paa, na kweli ukishafika saiti una lori zima la mbao mbovu na nauli umeshalipa, utazitumia tu.

Afu jamani mbao za dawa. Zile zenye rangi ya kijani kijani zimepigwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki ndani, ni nzuri sana kwa nguzo na mbao za chini zinazokaribia ardhi, mchwa haugusi. Lakini vile vipande vinavyobaki visiwashie jiko!! Kila saiti nawakuta mama zetu majirani wanakuja kuokota vipande wapeleke jikoni, na mafundi wanawapa kwa roho nzuri kabisa. Aseniki inatoka na moshi, nyingine inabaki kwenye jivu, jivu linamwagwa bustanini kwenye mboga, kuku wanaparua humo. Mimi vipande vya dawa navikusanya kwenye kiroba tangu siku ya kwanza na namwambia kila mtu pale kwa nini. Mama akija kuomba kuni nampa za paina isiyo na dawa, sitaki aondoke mikono mitupu.

Chini ya nyumba usipite haraka. Sakafu iinuke, mimi nataka angalau sentimita 45 kutoka ardhini, hewa ipite, na mtu aweze kuinama na tochi akaangalia. Juu ya kila nguzo weka kofia ya bati iliyokunjwa pembeni kwenda chini. Ile kofia haimuui mchwa, inamlazimisha apite nje ajenge njia yake ya udongo mahali unapoiona, basi unaibomoa na unajua vita imeanza. Kama unajenga upande wa Usangu kwenye udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba kwa mvua na kupasuka kiangazi, nguzo fupi haitoshi, chimba kweli kweli na muulize mtu anayejua udongo.

Sasa upepo. Niliitwa siku moja upande wa Makambako, na Makambako mwenye kuijua anajua upepo wake, nikakuta nyumba nzuri tu, bati jipya, rangi nzuri, lakini imesogea. Sio paa, nyumba nzima imehama kutoka kwenye matofali yake kona moja inaning'inia. Aliyejenga aliiweka sakafu juu ya matofali, basi, uzito wake wenyewe ndo uishikilie. Watu wanafikiri upepo unasukuma tu, kumbe ukipita juu ya paa unalinyonya kwenda juu, na ukiingia kwa mlango ulioachwa wazi unalisukuma kwa ndani tena, nguvu mbili kwa mpigo. Nyumba ya tofali ina uzito wa kubishana na hiyo nguvu. Ya mbao haina. Kwa hiyo lazima ifungwe kama mnyororo, bati kwenye papi (zile mbao nyembamba za kupigilia bati), papi kwenye kenchi, kenchi kwenye wolpleti (mbao inayolala juu ya ukuta), wolpleti kwenye nguzo za ukuta, nguzo kwenye mbao ya chini, mbao ya chini kwa boliti zilizozama kwenye zege la msingi, na pingili moja ikikosekana zilizobaki hazina kazi. Nikikagua naanza juu nashuka nauliza kila maungio swali moja tu, hii ikivutwa juu inashikwa na nini? Kama jibu ni msumari uliopigwa upande upande, huo unachomoka. Nataka mkanda wa chuma uliopita juu ya kenchi ukapigiliwa pande zote mbili. Na kwenye kona za kuta nataka mbao ya mshazari au plaiwudi iliyopigiliwa vizuri, bila hiyo nyumba inaweza kulala pembeni kama boksi lisilo na kitako.

Hayo yote yanaonekana siku ambazo fremu iko wazi. Ndo mana nawaambia wateja, hata kama upo Dar hujawahi kufika saiti, weka kwenye makubaliano kwamba hakuna kufunika ukuta kabla hujaona. Video ya wasapu inatosha ikiwa imechukuliwa vizuri, futi kamba iwekwe kwenye picha, kila kona, kila maungio, simu itembee polepole toka msingini mpaka kwenye kofia ya paa bila kukatwa. Na malipo ya hatua inayofuata yatoke baada ya hapo. Kuna fundi alikasirika nilipomwambia hivo, akasema huniamini? Nikamwambia fundi, kaka yangu, hizi picha zinakulinda na wewe, kesho mtu akija kutoboa ukuta akakata nguzo utaonyesha ulivyoacha. Akakubali, na sasa anazipiga yeye mwenyewe bila kuombwa.

Umeme nao ni wa kabla ya kufunika. Anayefunga awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali ya nishati na maji, sio kijana wa mtaa anayejua kuunganisha taa. Waya zipite kwenye mabomba yake, ukuta wa mbao una uwazi ndani na panya wa huku wanaupenda sana, waya uliotafunwa kwenye ukuta wa paina kavu ni moto unaosubiri siku yake. Na shawa ya maji moto, hiyo Mbeya kila mtu anaitaka na ana haki kwa baridi ile. Shawa ya wati 5,500 kwa volti 220 inavuta ampia 25. Nimekuta imeungwa kwenye waya wa milimita za mraba 2.5 pamoja na soketi za sebuleni, unaugusa ukuta una joto. Iwe na waya wake mnene, breka yake, ethi ya kweli iliyozama ardhini na breka ile inayokata umeme ukivuja. Kabla ya ukuta kufungwa mwambie fundi apime na mega, kile kifaa kinachoonyesha kama waya unavujisha umeme, mbele yako, chini ya megaohm 1 usikubali, watafute waya ulipochubuka.

Hewa na jiko, hapa nitaongea sana na mniwie radhi mana ndo jambo linaloniumiza kuliko yote.

Juni na Julai huku baridi sio ya utani, Kitulo na Makete umande unaganda asubuhi, na watu wamezoea kuingiza jiko la mkaa ndani chumba kipate joto. Kwenye nyumba ya zamani ya udongo yenye uwazi juu ya ukuta kote watu walipona kwa sababu ya ule uwazi. Nyumba ndogo ya mbao iliyojengwa vizuri, mianya imezibwa, madirisha ya alumini yanabana, haina huo uwazi. Chukua mita nne kwa sita kwa urefu wa mita mbili na thelathini, ni kama mita za ujazo 55 za hewa, toa kitanda, kabati na watu. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, na ndo hapo watu wanauamini, wanasema moshi umeisha ingiza ndani. Kumbe ile kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, unaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, unasema labda malaria inaninyemelea, unalala. Na kama kuna dari la kulalia juu, joto linapanda nayo inapanda humo humo, na dari ndo wanapolala watoto.

Kuna mama mmoja Tukuyu tulimjengea, mtu mzima, watoto wake wako mbali ndo waliolipia. Akataka kona ya jiko ndani. Nikamwambia mama, jiko hapana. Akaniangalia akasema, "mwanangu, wewe baridi ya huku unaijua au unaisikia?" Nikasema naijua mama, ndo mana. Tukakaa naye kibarazani, hatukubishana, nikamuuliza usiku anaamka saa ngapi, anapika nini, anapenda kukaa wapi. Mwisho tukajenga banda la jiko nje linaloshikana na kibaraza, paa moja, ili mvua ya Tukuyu isimnyeshee akitoka, na pesa iliyobaki tukaiweka kwenye kuta, tukaweka nyenzo ya kuzuia baridi kati ya mbao za nje na za ndani na juu ya silingi. Matundu ya hewa tukayaweka juu kabisa chini ya paa yenye wavu, nje ya mkono, mana matundu ya chini watu huyaziba na matambara wakisikia baridi. Baridi ilipoingia nikampigia, akasema chumba kinashika joto la mchana mpaka usiku mwingi, afu akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa. Yule mama alinifundisha kwamba huwezi kumkataza mtu moto bila kumpa joto kutoka mahali pengine.

Kama ni gesi, mtungi ukae nje na bomba liingie ndani. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutulia sakafuni, kwa hiyo kwenye nyumba iliyoinuliwa hakikisha kuna tundu la hewa chini usawa wa sakafu upande wa jiko. Kengele ya moshi na kengele ya kaboni zinawekwa, betri zinabadilishwa, kizima moto cha unga kinakaa karibu na mlango, sio nyuma ya jiko. Namba ya Zimamoto ni 114, iandike ukutani, ila ujue mbao kavu haisubiri gari lifike. Kwa hiyo swali kubwa ni unatokaje.

Na hapo nakutana na grili. Sisi Watanzania dirisha bila nondo hatulali, nawaelewa, wezi wapo. Lakini fikiria, mlango mmoja, jiko liko karibu na mlango, moto umeanzia jikoni, wewe na mke na mtoto mko ndani na dirisha lina nondo zilizochomelewa. Kijana mmoja wa Isyesye, Mbeya, nilimuuliza hivyo hivyo akanyamaza kabisa. Dirisha la kutokea kwa zile kanuni za wenzetu uwazi wake usipungue mita ya mraba 0.53, urefu usipungue sentimita 61, upana usipungue 51, na ukingo wake wa chini usizidi sentimita 112 kutoka sakafuni. Zingatia kwamba ukichukua 61 kwa 51 hupati hiyo 0.53, lazima kimoja kizidi. Na nondo zinaruhusiwa, ila zifunguke kwa ndani bila ufunguo. Basi yule kijana tukaenda kwa mchomeleaji, grili moja ya chumbani ikawekewa bawaba na komeo la ndani lililofunikwa na bati ili mkono wa mwizi usilifikie kutoka nje. Gharama ilikuwa ndogo tu. Afu nikamwambia zima taa, mwambie mtoto afungue. Alifungua mara ya pili, mara ya kwanza komeo lilikuwa gumu tukalipaka grisi. Hilo zoezi nalifanya kila nyumba sasa, na mwenye kufungua sio mimi wala fundi, ni yule mdogo au mzee kuliko wote ndani ya nyumba.

Dari la kulalia liwe na kizuizi, na ngazi yake ifungwe isiteleze. Kama urefu kutoka godoro mpaka paa hautoshi mtu kukaa, muulize mteja kama kweli anataka kulipanda usiku akiwa anaumwa. Za matairi sina mengi, upana wa futi 8 na nusu wanaoutumia Marekani ni kwa ajili ya barabara zao, na mtu anayewaza kuivuta kwenye mteremko wa Inyala huku Mbeya apime kwanza uzito na breki.

Siku ya kukabidhi mimi nataka maji. Ndoo au mpira, juu ya paa, kila dirisha, kila panapokutana bati na ukuta, mwaga ya kutosha huku mwenzako yuko ndani na tochi. Usisubiri masika ikukagulie. Na ukiamka asubuhi ya baridi ukakuta matone chini ya bati wakati mvua haijanyesha, hiyo ni pumzi yenu na mvuke wa chai umegonga bati baridi, dawa yake ni hewa kupita kati ya silingi na bati, sio kuziba bati kwa lami.

Afu kuna ukaguzi ambao karibu kila mtu anausahau, wa baada ya kiangazi cha kwanza. Mbao hata ukiikausha vizuri bado itasinyaa kidogo, na boliti uliyoikaza mwezi wa tano ukiishika mwezi wa kumi nati inazunguka kwa vidole. Nenda na spana kabla ya mvua za Novemba, zungukia boliti zote za chini, kaza, angalia kofia za nguzo kama kuna udongo wa mchwa, jaribu lile komeo la grili, bonyeza kengele uone kama inalia. Wateja wangu nawapigia mwenyewe mwezi wa kumi, na wasiopokea nawatumia ujumbe wa sauti nikiwatajia boliti ziko wapi.